Nani Kamuuma Nani? Somo la Kupanga Sentensi za Kiklingoni

Kiklingoni ni lugha ya kubuni. Mwanaisimu wa Marekani, Marc Okrand, aliitunga kwa ajili ya filamu ya tatu ya Star Trek, iliyotolewa mwaka 1984. Kamusi yake ikachapishwa mwaka 1985. Wasemaji wake katika filamu ni wapiganaji wa sayari nyingine, lakini sarufi yake ina kanuni zinazochunguzika, na baadhi yake mtu wa Soga aweza kuzielewa upesi kuliko Mwingereza.

Tuseme msafiri ameketi katika stesheni ya Soga akingojea treni ya Morogoro. Amwonapo rafiki yake, humwambia, "Ninakuona." Katika neno hilo moja mna mtenda, "ni", na mtendwa, "ku". Mwingereza huhitaji maneno matatu. Mklingoni husema "qalegh": "legh" ni kuona, na silabi "qa" hubeba "ni" na "ku" pamoja, wala haigawanyiki. "Unaniona" ni "cholegh". Kitenzi hakionyeshi wakati. "Wa'leS qalegh" ni "kesho nitakuona", kwa kuwa "wa'leS" ni kesho.

Ugumu huanza mtenda na mtendwa wote wawili wawapo wa nafsi ya tatu umoja. Hapo kitenzi hakipewi kiambishi chochote, na maana yote huachiwa mpangilio wa maneno. Nao ni kinyume cha wetu: mtendwa hutangulia, kitenzi hufuata, mtenda huja mwisho. (Mpangilio huu ni nadra duniani, ingawa lugha ya Kihixkaryana huko Brazili inao.) "Puq" ni mtoto, "chop" ni kuuma, na "targh" ni mnyama wa Waklingoni anayefanana na nguruwe mwitu. Basi "puq chop targh" maana yake targh anamuuma mtoto. Mwanafunzi akifuata mazoea akasema "targh chop puq", amemsingizia mtoto.

Kosa hili lina chanzo chake. Sisi husema, "Mtoto, kisu kimemkata," tusichanganyikiwe, maana "ki" hutaja kisu na "m" humtaja mtoto. Ngeli hutulinda. Kiklingoni hakina ulinzi huo. Kwa hiyo, kabla ya kutamka, mwanafunzi ajiulize kwanza nani kaumwa, ndipo aulize nani kauma.

Zoezi: Andika "Targh ananiuma", ukijua kwamba "mu" husimama mahali pa "a" na "ni". Jibu: "muchop targh".