WAFUNDISHE VIJANA KUULINDA UTI WA MGONGO



Msimu wa maparachichi uliopita hapa Kimbo, kijana mmoja alikanyaga tawi bovu akaanguka chali. Wenzake, kwa huruma, walimbeba kwa mikono na miguu, wakamkalisha juu ya bodaboda katikati ya watu wawili, wakakimbia naye hospitali. Miguu yake haikufanya kazi tena. Kama aliumia hivyo pale mtini au njiani, hakuna awezaye kusema.

Mimi ni karani tu, lakini nilisomea ualimu, na somo hili nalifundisha kwa gunzi la hindi. Waite watoto. Kata gunzi vipande saba, kwani mifupa ya shingo ni saba. Toboa kila kipande kwa msumari, kisha upitishe uzi uliochanwa katika jani la kitunguu. Magunzi ni mifupa; jani ndilo linalochukua amri za ubongo kwenda mwilini. Sasa pindua kipande kimoja kwa nguvu. Gunzi ni zima, jani limekatika. Mfupa ukivunjika huunga, lakini uzi huu ukikatika hauungi tena. Ukikatika shingoni, mikono na miguu hulegea, hata pumzi yaweza kukoma. Ukikatika chini zaidi, mikono hubaki na nguvu, lakini miguu na haja ndogo humshinda mtu.

Basi maparachichi yachumwe kwa mti mrefu wenye ndoano na mfuko. Mto Ndarugu una mawe yasiyoonekana. Kijana asijirushe kichwa mbele. Machimbo ya mawe yaliyojaa maji asiyaingie kabisa. Bodaboda ni abiria mmoja, na kofia ngumu kwa wote wawili.

Mtu akiisha kuanguka, vijana wajue hivi: asiinuliwe, asikalishwe, asipewe maji. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa akishike kwa mikono miwili kama kilivyo, huku akizungumza naye. Akitapika, ageuzwe ubavu mwili wote pamoja, kama gogo. Asipopumua, pumzi ndiyo kwanza. Itafutwe gari yenye nafasi ya kulala. Ng'oeni mlango wa nyumba uwe machela; watu watano au sita wamwinue pamoja, na aliyeshika kichwa ndiye atoe amri. Apelekwe Hospitali ya Thika, na madaktari waambiwe tangu mwanzo kwamba ameanguka na huenda ameumia mgongo.

Mlango utarudishwa jioni.