Kunuka au kunukia? Kufasiri moshi wa wiski

Tuseme umepewa kazi ya kufasiri karatasi ya chupa ya wiski ya Islay, kisiwa cha Uskoti. Mfano wa Kifaransa: « Nez : fumée de tourbe, iode, corde goudronnée. » Ni maneno saba tu, na la kwanza tayari linatukwamisha. Ukiandika "Pua: moshi", msomaji atadhani ni habari ya mgonjwa. Kiswahili hapa kinataka kitenzi: "Ukiinusa…"

Ukiinusa, inafanya nini? Kifaransa kina *sentir*, kisha huongeza *bon* au *mauvais*. Kiswahili huhukumu ndani ya kitenzi chenyewe: kitu kinanuka, au kinanukia. Kiambishi cha kauli ya kutendea, -i-, kinageuza uvundo kuwa manukato. Hata "harufu", ambayo kamusi huiweka katikati, haikai hapo. Mwambie mtu "nyama hii ina harufu", uone kama ataila.

Wenzetu wengi watachagua "inanuka moshi". Wana sababu: chai iliyoingia moshi humwagwa. Anayepika lotoko ya mahindi na muhogo huwasha kuni chini ya pipa la chuma, lakini moshi anautaka nje ya pipa. Mvuke tu ndio upite kwenye bomba na kupozwa kwa maji.

Lakini twende sokoni kwa muuza samaki wa kukaushwa kwa moshi. Akifungua kikapu, mteja anayempenda samaki huyo hasemi ananuka, ananukia. Moshi ni uleule wa kuni. Tofauti ni kwamba wa chai ulijialika wenyewe, wa samaki uliitwa. Na Islay moshi umeitwa: kimea cha shayiri hukaushwa juu ya moto wa *tourbe*, na moshi hushika punje kabla hazijasagwa. Kwa hiyo mimi naandika "inanukia moshi", hata kama mfasiri mwenyewe, akionja, angetema.

*Tourbe* tuiiteje? "Mboji" peke yake ni majani yaliyooza, ya kurutubisha bustani. Hii ni mimea iliyorundikana kwenye maji kwa maelfu ya miaka bila kuoza yote. Napendekeza "mboji ya kinamasi". Si kitu cha ugenini: ramani ya mwaka 2017 ilionyesha kilomita za mraba 145,500 za mboji hiyo katika bonde la kati la Kongo, nchi zote mbili pamoja, utafiti wa 2022 ukafikisha 167,600. Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani ni mmoja wa watafiti hao. (Yetu na ibaki majini, isiende jikoni.)

Iodi na kamba ya lami sitazipa kitenzi chochote kati ya viwili hivyo. "Inakumbusha dawa ya kidonda" yatosha. Msomaji aamue mwenyewe.

Ladha ina mitego yake. *Fort* ni "kali", *amer* ni "chungu" kama kwinini, *âpre* ni "yenye ukakasi" kama ndizi mbichi mdomoni. Wiski ya Uskoti, kisheria, hukaa miaka isiyopungua 3 katika pipa la mwaloni na haishuki chini ya asilimia 40 ya alkoholi. Ile ya pipa moja, isiyochanganywa na pipa jingine, mara nyingi huzidi 50: hiyo ni kali, wala si lazima iwe chungu. Andika "pipa la mti", maana hapa kwetu pipa la pombe ni la chuma. Na kampuni kama Gordon & MacPhail ya Elgin, iliyoanza 1895, inayotia chupani kwa jina lake wiski ya viwanda vingine iliyoinunua hadi 2023, tuiite "mtia-chupa".

Zoezi: fasiri « Bouche : sèche, fumée, un peu amère ». Usitumie "kavu" kabla hujajiuliza kinywaji kinakaukaje.