Kusoma Bila Kuelewa: Jinsi Ufahamu Unavyofundishwa Darasani

Mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kukwama, kisha akifunga kitabu awe hajui kilichosemwa. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi amekutana na mwanafunzi wa aina hii. Nyumbani, mzazi humsikia akisoma vizuri na kuamini kwamba kazi imekwisha. Pengo hujitokeza baadaye, hasa kuanzia Gredi ya 4, wakati masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza na vitabu vinamtaka mtoto asome ili apate maarifa mapya.

Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, namna mwalimu anavyoweza kufundisha ufahamu hatua kwa hatua, na mchango wa mzazi, hata yule ambaye hakubahatika kwenda shule.

Jaribio dogo kwa msomaji

Soma sentensi hii: "Jana asubuhi mbulufi mmoja alikwenda Suneka akagwezua mirunzafi mitatu."

Sasa jibu maswali. Nani alikwenda Suneka? Alienda lini? Aligwezua mirunzafi mingapi?

Bila shaka umepata alama zote tatu. Ni mbulufi, ni jana asubuhi, na ni mirunzafi mitatu. Lakini hakuna mbulufi duniani, wala hakuna anayejua kugwezua ni kufanya nini. Maneno hayo yamebuniwa. Umejibu kwa kutafuta neno la swali ndani ya sentensi na kunakili lililo karibu nalo.

Hivyo ndivyo wanafunzi wengi hupita zoezi la ufahamu. Daftari linajaa alama za vyema, huku mtoto akiwa hajaelewa chochote. Mbinu hiyo humwacha mkono anapokutana na swali kama hili la hisabati: "Moraa alikuwa na mikungu 12 ya ndizi. Aliuza theluthi moja katika soko la Keroka. Alirudi nyumbani na mikungu mingapi?" Asiyeelewa hutafuta tarakimu tu. Huona 12, hukumbuka kwamba theluthi ina 3 ndani yake, hugawanya na kuandika 4. Jibu ni 8. Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kusoma swali.

Kupima ufahamu si kuufundisha

Katika madarasa mengi, somo la ufahamu huenda hivi: wanafunzi wanasoma kifungu kwa zamu, mwalimu anaeleza maneno magumu, wanajibu maswali yaliyo chini ya kifungu, na daftari zinasahihishwa. Utaratibu huo unaonyesha nani ameelewa na nani hajaelewa. Haumwonyeshi yule ambaye hajaelewa afanye nini ili aelewe.

Msomaji mzuri hufanya mambo mengi kimoyomoyo. Hubashiri kitakachofuata. Hugundua mahali alipopotea na kurudi nyuma. Hujiuliza kwa nini mtu fulani amefanya jambo fulani. Kwa kuwa hayo yote hufanyika kichwani, mwanafunzi anayetatizika hayaoni, na hudhani kwamba wenzake wamezaliwa na akili za kuelewa.

Mwaka 1984, watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliojua kutamka maneno lakini wakashindwa kuelewa. Waliwafundisha mambo manne: kutabiri, kuuliza maswali, kufafanua palipo na utata, na kufupisha. Mwanzoni mwalimu alitangulia kuonyesha, kisha wanafunzi wakashika zamu ya kuongoza wenzao. Ufahamu wao uliimarika. Mbinu hiyo haihitaji kompyuta wala umeme, na inaweza kutumika kwa Kiswahili, Kiingereza au Ekegusii.

Mtoto wa Gusii na lugha tatu

Sera ya lugha nchini inaelekeza kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, huku Kiswahili na Kiingereza vikifundishwa kama masomo. Katika sehemu kubwa ya Kisii na Nyamira, lugha hiyo ni Ekegusii. Kwa hiyo mtoto huingia shuleni akiwa na lugha moja, akajikuta anasoma kwa tatu.

Hilo linaweza kumsaidia. Ekegusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na mpangilio wa maneno yake unafanana. Omonto na abanto ni mtu na watu. Omote na emete ni mti na miti. Mwalimu anayeonyesha ulinganifu huo humpa mtoto ufunguo wa kukisia maana ya maneno mageni.

Lakini ufanano una mitego. Katika Ekegusii, "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Mtoto mdogo anayesoma "Baba analima shamba" anaweza kutamka kila silabi sawasawa, huku akilini akimwona mama yake ameshika jembe. Mwalimu anayesikiliza matamshi peke yake hawezi kulijua kosa hilo. Akimwambia mtoto achore alichosoma, au akieleze kwa Ekegusii, atalijua mara moja.

Kasi ya kusoma nayo haitoshi kuwa kipimo. Chini ya mpango wa Tusome, ulioanza nchini mwaka 2015 kwa ajili ya madarasa ya chini, kigezo cha kusoma vizuri kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Tofauti hiyo inatokana na urefu wa maneno ya Kiswahili. Neno moja kama "hawakutusomea" ni sentensi nzima kwa Kiingereza. Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha kwamba watoto wanaweza kutamka maneno mengi zaidi ya Kiingereza kwa dakika, ilhali wanaelewa zaidi wanaposoma Kiswahili. Anayesoma haraka si lazima awe ndiye anayeelewa.

Somo la mfano

Kifungu kifuatacho kinafaa Gredi ya 4 au ya 5. Mwalimu anaweza kukiandika ubaoni.

"Kerubo aliamka kabla ya jogoo kuwika. Aliingia shambani na kikapu chake, akachuma majani mawili na chipukizi moja, majani mawili na chipukizi moja. Saa sita alifika katika kituo cha majani chai. Karani alitazama ndani ya kikapu, akapima mzigo na kumwandikia kilo zake. Nyuma yake alisimama jirani yake, aliyekuwa amefika shambani amechelewa na kujaza kikapu haraka haraka. Karani aliingiza mkono, akatoa majani makubwa na vijiti, akamwashiria asogee kando. Jirani aliketi chini ya mti, akamwaga mzigo wake juu ya gunia na kuanza kuchambua, huku lori likisikika likipanda mlima."

*Hatua ya kwanza: kutabiri.* Kabla ya kusoma, mwalimu aandike maneno manne tu: kikapu, karani, gunia, lori. Awaulize wanafunzi kifungu kinahusu nini. Watoto kutoka maeneo ya majani chai kama Nyansiongo au Kiamokama watatambua upesi. Mtoto wa mjini Kisii au wa Tabaka, ambako watu wengi huchonga mawe, huenda akahitaji kuelezwa kituo cha majani chai ni mahali gani. Tabiri zote zikubaliwe na kuandikwa. Wanaposoma wataona ipi imetimia.

*Hatua ya pili: kufafanua.* Mwalimu asome sentensi mbili za kwanza na kusema kwa sauti anachofikiri: "Hapa maneno 'majani mawili na chipukizi moja' yamerudiwa. Kwa nini? Labda mwandishi anataka nione kwamba Kerubo alichuma kwa uangalifu, tena kwa muda mrefu. Neno chipukizi silifahamu vizuri, lakini linahusiana na kuchipuka. Basi ni jani changa." Kwa kufanya hivyo, mwalimu anawafungulia wanafunzi mlango wa fikra za msomaji. Hapa panafaa pia kuwaruhusu waeleze neno kwa Ekegusii, kisha warudi kwenye Kiswahili.

*Hatua ya tatu: kuuliza maswali.* Wanafunzi wafundishwe kwamba maswali yako ya aina tatu. La kwanza, jibu lake limeandikwa: Kerubo alifika kituoni saa ngapi? La pili, jibu lake limejificha, na msomaji analipata kwa kuunganisha sentensi: Kwa nini jirani aliambiwa asogee kando? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba majani yake yalikataliwa, lakini majani makubwa, vijiti na kuchambua vinaeleza. Vilevile, kwa nini mwandishi ametaja lori? Lori linakuja kubeba majani, na jirani hajamaliza. La tatu linahitaji mawazo ya msomaji mwenyewe: Kama ungekuwa Kerubo, ungeenda nyumbani au ungemsaidia jirani?

Baada ya siku kadhaa, wanafunzi watunge maswali yao wenyewe, moja la kila aina. Mtoto anayeweza kutunga swali la aina ya pili amekwisha kuelewa kifungu.

*Hatua ya nne: kufupisha.* Kila mwanafunzi aeleze kifungu kwa sentensi moja au mbili, kitabu kikiwa kimefungwa. Anayesema "Kinahusu majani chai" ametaja mada tu. Anayesema "Kerubo alichuma vizuri, majani yake yakapokelewa, lakini jirani aliyeharakisha alirudishwa kuchambua" amefupisha.

Darasa kubwa, vitabu vichache

Kipindi cha madarasa ya 4 hadi 6 ni dakika 35, na madarasa mengine yamejaa. Mbinu hizi bado zinawezekana. Wanafunzi wakae wanne wanne, wanaosoma vizuri wakichanganywa na wanaotatizika. Mmoja awe wa kutabiri, wa pili wa kuuliza, wa tatu wa kufafanua na wa nne wa kufupisha. Baada ya kila aya, wabadilishane kazi. Kitabu kimoja kinatosha kundi zima.

Ni vizuri kuanza na mbinu moja kwa wiki moja au mbili kabla ya kuongeza nyingine. Darasa likipewa zote nne siku moja, wanafunzi hukariri majina ya mbinu na kusahau kuelewa.

Swali "Mmeelewa?" liachwe. Jibu lake huwa ni "Ndiyo, mwalimu," hata kwa ambaye hajaelewa. Badala yake mwalimu aseme: "Mwambie jirani yako kilichotokea," kisha apite akisikiliza.

Mbinu za ufahamu haziwezi kuziba pengo la kutojua herufi. Mtoto anayekwama katika zaidi ya neno moja kwa kila maneno kumi anahitaji kifungu chepesi zaidi na msaada wa kusoma maneno kwanza. Wakati huohuo aendelee kusikiliza hadithi na kujibu maswali kwa mdomo, ili akili yake ya kuelewa isisubiri macho.

Kazi huanzia chekechea

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, ilhali shule za msingi na za sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Mtoto wa chekechea bado hajui kusoma aya, lakini anaweza kusikiliza hadithi na kukisia mwisho wake. Mwalimu anayesimulia kisha akatua na kuuliza, "Mnafikiri sungura atafanya nini?" anafundisha kutabiri. Anapomwambia mtoto asimulie upya, anafundisha kufupisha.

Mzazi afanye nini?

Mzazi hahitaji kujua kusoma ili amsaidie mtoto kuelewa. Jioni, chakula kikiwa mekoni, amwambie mtoto asome ukurasa mmoja, kisha amuulize kwa Ekegusii au kwa lugha yoyote wanayozungumza nyumbani:

1. Umesoma kuhusu nini?
2. Kwa nini mambo yalikwenda hivyo?
3. Wewe ungefanya nini?

Mtoto akishindwa kueleza, asigombezwe. Arudie kusoma sehemu hiyo polepole. Akieleza kwa Ekegusii alichosoma kwa Kiingereza, huo ni ushahidi kwamba ameelewa, na hastahili kukatizwa.

Babu na nyanya wana nafasi yao. Emegano, zile ngano za Abagusii zilizosimuliwa kando ya moto, humfundisha mtoto kufuata kisa, kukumbuka wahusika na kutambua hila za mjanja. Mtoto aliyezoea kusikiliza omogano hukuta njia hiyohiyo katika hadithi iliyoandikwa.

Katika mkutano ujao wa wazazi shuleni, mzazi anaweza kumuuliza mwalimu jambo moja zaidi ya alama: "Mtoto wangu akisoma, anaelewa?" Mwalimu naye anaweza kumwita mtoto asome aya moja, afunge kitabu, na awaeleze wote wawili alichosoma. Kwa dakika tano hivi, mzazi na mwalimu watajua mahali pa kuanzia.