Kula Kwanza, Hubiri Baadaye
Somo: Luka 10:1-9

Jumapili iliyopita tulisoma habari ya wale sabini waliotumwa wawili wawili, na muda ukatushinda. Baadhi yenu mmeniomba niandike ile sehemu niliyoipitia mbio, hasa kwa sababu ya vijana wetu watatu wanaosafiri mwezi wa Septemba kwenda Ethiopia kujitolea kwa mwaka mmoja. Wazazi wao nao wamekuja ofisini na maswali. Kwa hivyo somo hili ni la vijana, ni la wazazi, na ni letu sisi tutakaobaki hapa tukituma pesa.

Fungua Biblia yako uangalie mpangilio. Mstari wa 4 Yesu anawanyang'anya mfuko, mkoba na viatu. Wa 5 wanaanza na salamu ya amani. Wa 7 anawaambia wakae nyumba moja, wasihamehame, wale na kunywa kile wenyeji walicho nacho. Wa 8 anarudia tena jambo la chakula, kana kwamba anajua hapo ndipo tutamkwepa. Kuponya wagonjwa na kutangaza Ufalme kunakuja mstari wa 9. Kula kwanza, kuhubiri baadaye.

Sisi tukimtuma mtu tunageuza kila kitu. Tunamjazia sanduku: unga wa ugali kilo kumi, majani ya chai, dawa za kila ugonjwa, spika ya kuhubiria. Halafu wiki ya pili tunauliza, "Wangapi wameokoka?" Mimi nilisomea biashara na sina ugomvi na bajeti, wala sisemi mtu aende bila nauli ya kurudi. Lakini Yesu hakusahau bajeti pale. Aliwatuma wakiwa wamepungukiwa ili wawahitaji wenyeji. Mtu asiyehitaji chochote kutoka kwako hawezi kuwa mgeni wako. Huyo ni mfadhili, na mfadhili huwa haambiwi ukweli.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu wa kujitolea anataka jembe siku ya kwanza, hata kabla hajajua shamba ni la nani.

Kabla sijaitwa kwa utumishi hapa nilijitolea miezi kumi na minne Hawassa, ule mji ulio kando ya ziwa kusini mwa Ethiopia. Nilienda kwa barabara, na ukifika Moyale tu unaelewa umetoka kwenu: upande wa Kenya magari yanapita kushoto, ukivuka mpaka yanapita kulia. Vijana, hapo mpakani kumbukeni hili: Mkenya haombi viza ya kuingia Ethiopia, lakini kuingia si ruhusa ya kuishi na kufanya kazi. Fuateni karatasi zenu mpaka ziishe. Injili haihitaji kusaidiwa na uongo kwa ofisa wa uhamiaji.

Vitu vinavyofanana ndivyo vinavyochanganya zaidi. Saa yao inahesabiwa kama ya Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza. Sisi tunasema saa tatu halafu tunaandika 9:00. Wao wanasema saa tatu na wanaandika 3:00. Sukuma wiki iko, inaitwa gomen. Neno utakalolisikia kuliko yote ni "ishi", na maana yake ni "sawa" tu, hakuna anayekuamuru uishi. Ukianza kujiona uko nyumbani, unashtuka mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba ama minane, una miezi kumi na mitatu, na Krismasi ni tarehe 7 Januari.

Wazazi, hiyo Krismasi muiwekee alama. Vijana wenu watakuwa wamemaliza miezi mitatu hivi, na mwezi wa tatu ama wa nne ndio mgumu. Ugeni umekwisha utamu na lugha bado haijaingia. Tarehe 25 Desemba nyinyi mtakuwa mashambani mkichinja mbuzi, na kule ni siku ya kazi kama siku yoyote.

Upweke wenyewe hauji na machozi, unakuja na hasira ya vitu vidogo. Stima ikipotea unakasirika. Watoto wakikukodolea macho unakasirika. Mtu akikusahihisha matamshi unanyamaza siku nzima. Kiamhara kinatofautisha mwanamume na mwanamke hata kwa neno "wewe", na kina "wewe" nyingine ya heshima kwa wakubwa. Sisi tumezoea "wewe" moja ya kila mtu, kwa hivyo kila ukifungua mdomo uko hatarini. Tena Hawassa ukitoka mjini kidogo utawakuta kina nyanya wanaoongea Kisidama, na kile Kiamhara chako cha kuungaunga hakikufikishi mbali.

Kanisani ndipo inauma zaidi. Hapa nyumbani ulikuwa unaongoza sifa, unashika maikrofoni, watu wanakuita mtumishi. Kule unakaa kwenye benchi saa mbili, saa tatu, na unachoelewa ni Haleluya na Amina. Umekuwa mtoto wa shule ya Jumapili. Wengi hapo ndipo huanza kubaki chumbani wakitazama ibada ya nyumbani kwa simu. Nawaambia mapema, wapendwa: Jumapili asubuhi msitutazame. Ibada yetu inarekodiwa, mtaiona jioni. Ukiwa Hawassa na roho yako iko huku, hauko mahali popote. Kaa kwenye hilo benchi. Bwana wetu mwenyewe aliyekuwa Neno alikaa karibu miaka thelathini kabla ya kuanza huduma hadharani, na kabla ya hapo alijifunza kuongea kama mtoto yeyote.

Sasa turudi mezani, maana Yesu alirudia.

Wenyeji wetu wanakula injera kwa sinia moja, watu wote kuzunguka. Katikati ya chakula mtu anakunja tonge lake, analichovya, halafu anakulisha mdomoni. Inaitwa gursha. Ni upendo na ni heshima, na kukataa ni kumwumiza mtu. Mwanamume mzima mwenye digrii anafungua mdomo kama kifaranga, na mkono ni wa mtu ambaye bado hujalijua jina lake vizuri. Sijawahi kuona zoezi la unyenyekevu linaloshinda hilo. Vijijini mtapewa kocho, mkate wa mmea unaofanana kabisa na mgomba lakini hauliwi ndizi. Wanatwanga shina lake na kulichachusha shimoni. Harufu yake ina nguvu, sitawadanganya. Kuleni. Baada ya chakula kuna kahawa, inakaangwa mbele yenu na kumiminwa mara tatu, na ukiondoka baada ya kikombe cha kwanza umeondoka katikati ya maongezi.

Kuna jambo tutatofautiana, na ni sawa. Mwenye ploti niliyoishi alikuwa mama mjane, Mkristo wa Orthodoksi. Nilimwita Etiye, kama vile sisi tunavyosema dada mkubwa ama shangazi kwa heshima. Jumatano na Ijumaa yeye hagusi nyama, maziwa wala mayai, na kabla ya Pasaka wanafunga hivyo siku 55. Sisi tuliookoka, ambao kule wote huitwa "Pente", hatufungwi na hayo. Lakini jiko langu lilikuwa hatua nne kutoka mlango wake. Niliamua siku hizo sikaangi mayai wala nyama pale uani. Kuna mpendwa mmoja aliniambia nimerudi chini ya sheria. Nilimsomea 1 Wakorintho 9:19-23, na sikupika. Miezi mingi baadaye ni Etiye aliyeniuliza mwenyewe kwa nini mtu asiyefunga anakaa bila nyama Ijumaa. Tuliongea mpaka kahawa ikapoa. Sitaandika hapa yaliyotokea moyoni mwake, hayo ni yake na Mungu wake. Ninachojua ni kwamba swali hilo hangeliuliza mwezi wa kwanza, wala mimi singekuwa na lugha ya kulijibu.

Vijana, jueni pia mnaenda kwa watu wenye historia na Mungu. Upande wa magharibi wa Hawassa kuna Wolaita. Wamishenari wa kigeni walianza kazi huko mwaka 1928. Waitaliano walivamia nchi mwaka 1935, na kufikia 1937 wamishenari wakalazimika kuondoka, wakaacha waumini waliobatizwa wasiofika mia moja. Viongozi wakapigwa, wakafungwa. Wamishenari waliporudi baada ya Waitaliano kushindwa mwaka 1941, walikuta maelfu. Baadaye serikali ya Derg, kati ya 1974 na 1991, ilifunga makanisa mengi na watu wakaabudu kwa siri majumbani. Wazee mtakaokaa nao benchi moja, baadhi yao walipita hapo. Muulizeni mzee mmoja alivyookoka, halafu mnyamaze asimulie.

Sasa sisi wa kubaki. Kamati ya misheni imependekeza ripoti kila mwezi, na ndani yake idadi ya waliookoka na ya vikundi vilivyoanzishwa. Nimewaambia wanakamati uso kwa uso, na naandika hapa kwa ruhusa ya mchungaji kiongozi, kwamba sikubaliani. Hakuna anayefungua duka akadai faida mwezi wa kwanza, na mwenye duka anayesukumwa hivyo anaanza kupika vitabu vya hesabu. Kijana atafanya nini tukimdai watu na hawezi hata kusalimia? Atatutumia picha za watoto wa jirani wakiwa wameinua mikono.

Pendekezo langu ni hili. Pesa tutoe hesabu kila mwezi, shilingi kwa shilingi, hilo halina mjadala. Huduma tuwaache miezi sita bila kuuliza idadi. Badala yake waandike wamekula nyumba ya nani, wamejifunza maneno gani, na nani amewasaidia jambo ambalo wao wenyewe hawangeweza. Pia ahadi zetu zifike kabla ya tarehe 5, maana kodi ya kule haingoji harambee yetu ya mwisho wa mwezi.

Wanachama watapiga kura juu ya jambo hili Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Karatasi za ahadi ziko kwa karani wa kanisa. Na kama kuna aliyenunua unga wa kuwafungia safari, tafadhali aulete jikoni hapa kanisani. Tutaupika siku ya kuwaaga.