Mashine Haijui Nia: Somo la Hakimiliki kwa Wanaorusha Video



Ndugu zangu wanafunzi, siku hizi tunarekodi darsa na midahalo yetu na kuirusha YouTube. Kwa kuwa nimo katika kamati ya habari ya jumuiya, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: video yetu ikizuiwa kwa sababu ya hakimiliki, je, tumeiba? Jibu ni kwamba si lazima. Lakini pia si lazima kwamba tumeonewa. Tutazame mambo manne.

1. Haki ya mtunzi ni haki

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Kwa hiyo kuchukua filamu nzima ya mtu na kuiweka kwenye chaneli yetu hakuhalalishwi na nia ya daawa. Tukumbuke pia tofauti hii: maneno ya Qur'ani hayana mmiliki, lakini rekodi ya msomaji fulani inaweza kuwa naye.

2. Sheria imeacha mlango

Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inaruhusu matumizi ya haki. Kama ilivyo Marekani, yanapimwa kwa mambo manne: umeitumia kazi kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na je, umeathiri soko la mwenyewe?

Ukichukua dakika moja ya hotuba ya nusu saa ili uijibu hoja kwa hoja, una la kusema. Ukiweka wimbo mzima chini ya matangazo ya futari, huna. Na ile kanuni ya "sekunde thelathini ni halali" haimo katika sheria hizi.

3. Mashine hulinganisha, haipimi

Mfumo wa YouTube uitwao Content ID, ulioanza mwaka 2007, hulinganisha sauti na picha za video yako na kazi zilizowasilishwa na wamiliki. Zikifanana, mmiliki huwa ameshachagua la kufanya: kuzuia video, kuchukua mapato ya matangazo yake, au kufuatilia tu watazamaji. Mashine haiulizi kama unafundisha au unakosoa.

Muhula uliopita mhadhara wetu wa saa nzima ulizuiwa kwa sababu ya qiraa ya ufunguzi. Aliyesoma ni mwanafunzi mwenzetu, msikitini, mbele yetu sote. Mashine ikadhani ni rekodi ya mtu mwingine. Tulipinga, na mdai akaondoa dai lake.

Nchini Marekani, mama mmoja aliweka video ya sekunde 29 ya mwanawe akicheza wimbo wa Prince, ikaondolewa mwaka 2007. Katika kesi hiyo, Lenz dhidi ya Universal, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2015 kwamba mmiliki lazima afikirie matumizi ya haki kabla ya kutuma taarifa ya kuondoa video.

4. Jibu kwa ukweli

Kwanza tambua umepata nini. Dai la Content ID hupingwa ndani ya YouTube, na mdai ana siku 30 za kujibu. Taarifa rasmi ya kuondoa video ni jambo zito zaidi: huleta onyo, na maonyo matatu yanaweza kufunga chaneli. Ukituma taarifa ya kupinga, unatoa jina na anwani yako na kukubali kushtakiwa mahakamani. Maelezo ya uongo hapo ni kosa la kisheria, na mbele ya Allah ni ushahidi wa uongo.

Kwa hiyo ninapendekeza kila tawi liwe na daftari. Kabla ya kurusha video, andikeni kipande kimetoka wapi, kina urefu gani, na kwa nini kimehitajika. Mkishindwa kujaza sehemu ya tatu, kikateni. Mkiijaza kwa ukweli, msiogope kupinga: kunyamaza kwa haki yako kunawanyima elimu wanaoisubiri.

Wabillahi tawfiq.