Somo la Koa Bustanini

Mvua zinyeshapo Bariadi, mchicha wa nyumbani hukutwa asubuhi umetobolewa, na lawama huwaangukia panzi. Mwanachuo asitangulie kumtaja koa, yaani konokono asiye na gamba. Awaulize watoto: ute huu unaong'aa majanini umeachwa na nani? Jioni walaze gunia lililoloweshwa kando ya tuta. Asubuhi walifunue, wawahesabu koa waliojificha, kisha wawatose kwa kijiti katika maji ya sabuni. Wasiwashike kwa mikono mitupu, kwani koa huweza kubeba minyoo iletayo maradhi. Chumvi isimwagwe tutani: itaua koa na mchicha pia. Majivu hufaa yangali makavu. Mvua moja huyamaliza. Hesabu iandikwe ubaoni kila siku kwa juma zima.