Darsa ya Kodi: Maskini Huilipa kwa Mlango Gani?

Imekuwa ada kusikia kwa wenye vyeo, na hata kwa baadhi yetu mabarazani, kwamba mtu wa pato dogo hana la kusema juu ya kodi kwa sababu yeye hatozwi. Neno hili si kweli, na katika darsa hii twataka kulipima kwa hesabu, si kwa hasira. Mfano wetu twautoa Nairobi, katika mitaa ya Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Kariobangi na mingineyo, kwani wengi wenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu mna watoto na ndugu wafanyao kazi huko.

Mitaa hiyo na kodi vyajuana tangu zamani. Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910. Kiasi kilikuwa kimoja kwa aliye na ng'ombe mia na kwa asiyekuwa na kuku. Wala makusudi hayakuwa kujaza hazina tu, bali pia kumtoa mtu shambani kwake akatafute mshahara kwa mzungu. Baada ya vita vya kwanza kodi ikafika shilingi 16, na mwaka 1921 mabwana wa mashamba wakaazimia kuipunguza mishahara kwa thuluthi. Kodi yapanda, mshahara washuka! Ndipo Harry Thuku alipowakusanya watu wa Nairobi. Akakamatwa Machi 1922, na umati uliokwenda kumdai ukapigwa risasi. Kodi ikateremshwa kuwa shilingi 12.

Na mshahara wenyewe ulikuwa ukipimwaje? Mpaka Kamati ya Carpenter ilipotoa ripoti yake mwaka 1954, kiwango cha chini kilikuwa kikihesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume kapera, kana kwamba mfanyakazi wa Kiafrika hana mke wala mtoto. Mwenye kushangaa kwa nini baadhi ya nyumba za zamani za mitaa hiyo ni chumba cha kitanda tu, jawabu lake ni hilo.

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili mapema. Kadhi Abu Yusuf, katika kitabu cha Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, alipendelea mkulima atozwe fungu la mavuno kuliko kiasi kisichobadilika, kwa kuwa fungu hupungua mavuno yakipungua. Basi na tuitazame kodi ya leo kwa kipimo hicho.

Kwa amri ya Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida wa Nairobi, na wa Mombasa vile vile, kiliwekwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi. Kwa hesabu ya mwaka 2025, kodi ya mapato yake ilikuwa asilimia 10, yaani shilingi 1,611. Lakini kila mlipaji alikuwa na nafuu ya shilingi 2,400, kwa hiyo hakudaiwa kitu. Hapa ndipo wasemao "hatozwi" husimama. Sisi twaendelea kuisoma karatasi ya mshahara mpaka chini. NSSF asilimia 6, shilingi 966. Bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, shilingi 443. Ada ya nyumba asilimia 1.5, shilingi 241. Jumla ni zaidi ya shilingi 1,650, yaani sehemu moja ya kumi ya mshahara imekwisha kwenda kabla hajanunua unga.

Lazima tuseme kwa insafu: NSSF ni akiba yake ya uzeeni, si kodi, na katika bima ya zamani ya NHIF mtu huyu alikuwa akikatwa shilingi 600, kwa hiyo hapo amepunguziwa. Lakini itazameni ada ya nyumba. Tangu mwisho wa Desemba 2024 ada hiyo haihesabiwi katika pato linalotozwa kodi. Mwenye mshahara wa 100,000 hukatwa 1,500, kisha kodi yake ya mapato, ambayo hapo ni asilimia 30, hupungua kwa shilingi 450. Kibarua wetu, kwa kuwa hana kodi ya mapato ya kupunguziwa, hulipa shilingi zake 241 zote. Ada ile ile, na aliye juu ndiye aliyepata nafuu!

Mlango wa pili ni jikoni. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika gesi ya kupikia, na hilo ni jema. Lakini sheria iyo hiyo ikaipandisha kodi ya petroli na mafuta ya taa kutoka asilimia 8 hadi 16. Na kabla ya hapo, mwaka 2018, kila lita ya mafuta ya taa iliwekewa ada ya shilingi 18, ili wafanya biashara wasiyachanganye na dizeli. Kosa ni la mchanganyaji, na faini yalipwa na mama wa Kariobangi asiyeweza kununua mtungi wa gesi, ambaye hununua mafuta yake kwa kipimo cha chupa.

Fedha zenda wapi? Bajeti ya mwaka 2025/26 ilipita trilioni 4, na katika hizo zaidi ya trilioni moja ilitengewa riba ya madeni peke yake. Nasi Waislamu twajua riba ni nini.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201, yataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa uadilifu na wananchi washirikishwe. Juni 2024 vijana walijitokeza barabarani kuupinga Mswada wa Fedha uliotaka kutoza mkate asilimia 16. Wengine waliuawa tarehe 25, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Lakini kila mwaka, baina ya Aprili na Juni, Bunge hupokea maoni ya watu juu ya mswada kama huo, na sisi twakaa kimya tukisema hayo ni mambo ya siasa. Tena mswada huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 chakiita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Maoni ambayo sisi wa darsa twayaandika ni mawili: mswada utolewe kwa Kiswahili pia, na ile shilingi 18 iondolewe katika mafuta ya taa. Mwenye kutaka kutia jina lake, karatasi ipo.